Kinyozi na Maziwa ya Dada Yake

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Duka lake lilikuwa dogo. Lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja kikubwa, na benchi la mbao karibu na mlango. Benchi hilo halikukosa watu. Wengine walikuja kunyolewa. Wengine walikuwa na vipara vitupu, lakini walikuja kila siku kupiga soga.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa sababu alijaliwa mabinti wawili kwa mpigo. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha.

Kila asubuhi, dada yake Baba Pacha alipita na chupa ya maziwa. Dada huyo alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Alimkamua alfajiri, akayachemsha maziwa, akamletea mdogo wake, ndipo akaenda sokoni kuuza mboga.

"Kunywa nikuone," alisema kila siku. "Mtu mwenye kazi ya kusimama anahitaji nguvu."

Baba Pacha alikunywa. Wala hakulazimishwa. Maziwa aliyapenda tangu utotoni. Ukimwambia achague kati ya nyama na maziwa, atakuuliza maziwa yako wapi.

Tena, maziwa hayo yalitoka kwa mtu aliyemlea. Baba yao alifariki kwa maradhi ya tumbo Baba Pacha akiwa bado mdogo. Dada ndiye aliyemlisha, akamvisha, akampeleka shule. Kwa hiyo chupa ile haikuwa maziwa tu. Ilikuwa mapenzi.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua.

Lilianza kama mchezo. Lilinguruma akiwa kazini.

"Fundi, mashine yako ina kelele," mteja mmoja alimwambia.

"Siyo mashine," alijibu. "Ni mwenye mashine."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini baada ya muda, kicheko kiliisha. Tumbo lilijaa gesi. Lilivimba, likabana. Kisha alianza kuharisha. Ilikuwa hivyo karibu kila siku, jua likianza kupanda. Aliweka mashine chini na kukimbilia choo cha nyuma ya duka.

Watu wa benchi hawakukosa ushauri.

"Ni maharage hayo," alisema fundi viatu. Baba Pacha akaacha maharage.

"Ni pilipili," alisema muuza mkaa. Akaacha pilipili.

"Mimi nasema kabichi," alisema mzee mmoja mstaafu. Akaacha kabichi. Baadaye akaacha machungwa, nyanya na nyama. Vyote hivyo alivipenda, na tumbo halikupoa.

Lakini jambo moja walikubaliana wote. "Kunywa maziwa," walisema. "Maziwa hutuliza tumbo."

Basi Baba Pacha akamwomba dada yake amwongezee. Dada akaleta chupa kubwa zaidi. Alikunywa bilauri moja asubuhi, moja mchana, na nyingine jioni.

Jioni ikifika, familia ilikaa kula. Mama Pacha na mabinti walikula wali na maharage. Baba Pacha alikula wali mtupu, na bilauri ya maziwa pembeni.

"Baba, umeadhibiwa?" aliuliza binti mmoja.

"Hapana, mwanangu. Najitunza."

"Mbona kujitunza kunakukondesha?" aliuliza mwenzake.

Baba Pacha alivuta suruali juu. Mkanda wake ulikuwa umeshatobolewa tundu jipya.

"Mume wangu, twende hospitali," Mama Pacha alimwambia watoto walipoondoka. "Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Ni gesi tu. Itapita."

Alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni aliogopa. Aliwaza, "Baba alianza hivi hivi." Aliogopa kwenda hospitali, kwa maana huko angeambiwa kwamba ni kweli. Hofu hiyo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Siku moja, mteja mgeni aliingia dukani. Alikuwa na nywele nyingi.

"Ondoa zote, fundi," alisema, akakaa.

Baba Pacha alianza upande wa kulia. Alipofika katikati ya kichwa, tumbo likambana. Jasho likamtoka. Akajikaza. Wapi! Tumbo halina adabu.

"Samahani, ndugu yangu. Narudi," alisema, akatoka mbio.

Aliporudi, aliona aibu mpaka akatazama sakafu. Mgeni alikuwa bado kitini, anajiangalia kwenye kioo. Upande mmoja wa kichwa uling'aa kama sahani. Upande wa pili ulikuwa msitu.

"Nisamehe sana," alisema Baba Pacha.

"Usijali. Kwa kichwa hiki sina pa kwenda," alisema mgeni, akatabasamu. "Hebu niambie. Tumbo limeanza lini?"

Watu wa benchi wakaanza kujibu wote kwa pamoja. Mgeni akainua mkono.

"Namuuliza fundi. Mimi ni tabibu. Nimehamia kituo cha afya cha hapa juzi tu."

"Ni miezi kadhaa sasa, daktari."

"Unaona damu kwenye choo? Unapata homa? Unatapika?"

"Hapana. Lakini nimepungua."

"Unakula nini?"

"Ungeniuliza nisichokula, tungemaliza haraka," alisema Baba Pacha. "Nimeacha maharage, pilipili, kabichi, machungwa, nyanya na nyama."

"Nani alikwambia uviache?"

Baba Pacha alitazama benchi. Benchi likatazama nje.

"Na leo asubuhi umepata nini?" tabibu aliendelea.

"Mkate na maziwa."

"Na jana, kabla tumbo halijasumbua?"

"Maziwa."

"Na juzi?"

Baba Pacha alikuwa na mashine mkononi, lakini hakuiwasha. "Maziwa," alisema polepole. "Lakini daktari, maziwa si ndiyo dawa yenyewe?"

"Ndiyo dawa!" watu wa benchi waliitikia.

"Huenda siyo dawa kwako," alisema tabibu. "Lakini sitaki kubahatisha. Njoo kituoni kesho, uje na mkeo. Tukupime. Sasa malizia kichwa changu, tafadhali. Nina mkutano."

Kesho yake, Baba Pacha na mkewe walikwenda kituo cha afya. Tabibu aliuliza maswali mengi. Alimbonyeza tumbo taratibu. Akamtuma maabara kupima choo na damu. Kisha wakaambiwa wasubiri kwenye korido.

Baba Pacha alikaa akiutazama mlango wa daktari. Mama Pacha alimshika mkono.

"Una wasiwasi gani?" aliuliza.

"Mke wangu, nadhani nina ugonjwa uliomuua baba."

Mama Pacha alimgeukia. "Na mzigo huu umeubeba peke yako siku zote hizi?"

"Sikutaka kuwatisha."

"Haya, tuubebe wawili. Angalau njia ni fupi, mlango wa daktari ni ule pale."

Jina lake likaitwa. Wakaingia.

"Habari ni njema," alisema tabibu. "Hakuna minyoo. Hakuna damu kwenye choo. Damu yako iko vizuri. Sioni dalili ya ugonjwa mbaya. Nadhani tumbo lako haliwezi tena kumeng'enya maziwa."

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa siku moja, kama sisi sote. Lakini si kwa hili."

Baba Pacha alijiegemeza kwenye kiti, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa kama mtu aliyetua gunia.

"Sikilizeni," alisema tabibu. "Maziwa yana sukari yake ya asili. Tumbo la mtoto mchanga huimeng'enya vizuri. Lakini watu wengi wakikua, uwezo huo hupungua kidogo kidogo. Sukari hiyo isipomeng'enywa, huchacha tumboni. Hapo ndipo unapata gesi, ngurumo na kuhara."

"Kama unga wa mkate unavyochacha na kuumuka?" aliuliza Mama Pacha.

"Hasa! Umenielewa vizuri."

"Lakini dada yangu huyachemsha," alisema Baba Pacha.

"Anafanya vyema. Kuchemsha huua vijidudu. Lakini sukari hubaki palepale."

"Huu ndio mzio?" aliuliza Mama Pacha.

"Hapana. Mzio ni jambo jingine. Mtu mwenye mzio wa chakula anaweza kutoka vipele, kuvimba midomo, au kushindwa kupumua. Ukiona mtu amevimba midomo au anashindwa kupumua, mkimbize hospitali palepale. Anaweza kufa. Tatizo la mumeo linasumbua, lakini haliui."

"Na mabinti zetu? Tuwaachishe maziwa?"

"Wakinywa wanasumbuka?"

"Hapana."

"Basi waendelee. Mtoto asiondolewe chakula kwa kubahatisha. Chakula anakihitaji ili akue."

Kisha tabibu alimgeukia Baba Pacha. "Acha maziwa kwa wiki mbili. Hata yale ya kwenye chai. Vyakula vingine vyote virudishe, kimoja kimoja. Kula mboga za majani, maharage, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Hivyo vitakupa nguvu ya mifupa uliyokuwa ukiipata kwenye maziwa. Tumbo lisipotulia, rudi. Tutachunguza zaidi."

"Hata maharage, daktari? Si yataleta gesi?"

"Gesi kidogo ya maharage ni ya kila binadamu. Hata mimi."

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Jioni hiyo, Baba Pacha alikula maharage. Alikula polepole, kama mtu anayesoma barua ya rafiki. Siku zilizofuata alirudisha nyanya, kisha nyama. Tumbo likatulia. Alinyoa asubuhi nzima bila kukimbia.

Lakini tatizo moja lilibaki. Nani angemwambia dada?

Baba Pacha hakuweza. Kila asubuhi aliipokea chupa na kusema, "Nitakunywa baadaye, dada. Nawahi kazini." Maziwa yakanywewa na mabinti.

"Mwambie," Mama Pacha alimsihi.

"Nitamwambiaje? Nimwambie malezi yake yananiumiza tumbo?"

Siku ya mapumziko ilifika. Dada hakuwa na haraka ya soko. Aliingia, akakaa, akamimina maziwa ya moto kwenye bilauri.

"Kunywa nikuone."

Baba Pacha alimtazama mkewe. Akaitazama bilauri. Akamtazama dada yake, mikono yake yenye sugu za kukamua. Akanywa yote.

Mazungumzo hayajafika mbali, tumbo likajibu. Lilinguruma hadi mabinti wakageuka. Baba Pacha akasimama, akatoka mbio.

Dada aliweka chupa mezani. "Bado anaumwa?"

"Wifi," alisema Mama Pacha, "naomba nikwambie jambo, na usinikasirikie." Akamweleza yote aliyosema tabibu.

Uso wa dada ukabadilika. "Yaani mimi ndiye niliyekuwa namuumiza ndugu yangu? Kwa maziwa yangu safi?"

"Maziwa yako ni safi, wifi. Watoto wanayanywa na wananawiri. Ni tumbo lake tu ndilo limebadilika."

Baba Pacha alirudi, akasimama mlangoni. "Ni kweli, dada. Nisamehe. Nilishindwa kukwambia."

"Na daktari amesema ni hilo tu? Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine. Wamenipima."

Dada alijifunika uso kwa mtandio wake. Mabega yakaanza kutikisika. Baba Pacha aliharakisha kumkaribia.

"Dada, usilie. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Nani amevunjika moyo?" alisema dada huku machozi yakimtoka. "Nilijua umepata ugonjwa wa baba! Kila nikikuona umekonda, naongeza maziwa. Nilikuwa namkamua yule ng'ombe huku nalia. Moyoni nilikuwa nimeshakuzika!"

"Hata mimi nilijizika," alisema Baba Pacha.

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Walitazamana. Dada ndiye aliyeanza kucheka, machozi bado yako mashavuni. Baba Pacha akafuata. Mama Pacha akawatazama wote wawili akatikisa kichwa.

"Hii familia," alisema, "mngekuwa wafanyabiashara wa kutunza siri, mngetajirika."

Tangu siku hiyo, dada alileta maziwa ya mabinti peke yao. Kwa mdogo wake alileta mboga mbichi kutoka kwenye genge lake la sokoni.

Wiki mbili zilipopita, Baba Pacha alirudi kituoni. Uzito wake ulikuwa umeanza kupanda. Tabibu alimwambia anaweza kujaribu maziwa ya mgando, vijiko vichache tu, pamoja na chakula. "Yakigandishwa vizuri, sehemu ya ile sukari hupungua," alieleza. "Wengi huyavumilia. Yakikusumbua, yaache." Dada alipopata habari hiyo, alitia maziwa kwenye kibuyu siku hiyo hiyo ili yagande. Yalipoganda, Baba Pacha alikula vijiko vichache na akangoja. Tumbo halikusema kitu. Alitamani kuongeza, lakini aliacha hapo. Bilauri nzima ya maziwa freshi aliikumbuka bado, hasa asubuhi za baridi. Ila hakuirudia.

Jioni moja alikwenda kwa dada yake kumsaidia kurekebisha zizi. Walipomaliza, walikaa nje kwenye vigoda, wakala viazi kwa mboga na samaki. Baba Pacha aliongeza sahani ya pili.

Dada alimtazama akila. Kisha akasema, "Unajua, baba naye alikula hivyo hivyo. Huku ameinamia sahani, kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya."

Baba Pacha aliacha kutafuna. Kwa miaka mingi hawakuwa wamemzungumzia baba yao. Kila walipomkumbuka, walikumbuka ugonjwa tu.

"Kweli?" aliuliza. "Na alikuwa anapenda nini?"

Dada akasogeza kigoda karibu, akaanza kumsimulia.