Bibi Anatolia Aomba Salamu

Kila asubuhi Bibi Anatolia alimenya ndizi mlangoni pa jiko. Kila asubuhi mjukuu wake Georgina alipita bila kumsalimia. Kwao Kamachumu mtoto ndiye huanza kusalimia, tena kwa kupiga magoti. Mkubwa haombi salamu. Basi bibi alingoja, hasira zikampanda.

Georgina alikuwa na miaka saba. Alipenda kupanga buni za kahawa katika mstari mmoja mrefu. Hakupenda kutazamwa machoni.

Siku moja habari ililetwa kutoka Rubafu. Dada yake bibi amefariki. Bibi akalia kwa sauti. Georgina akaziba masikio, kisha akaendelea kupanga buni zake.

"Mtoto huyu hana moyo!" bibi alimwambia mkwewe Edvina, mama yake Georgina. "Mpeleke akakae kwa wajomba zake. Mimi nimechoka."

Edvina akainama, machozi yakamtoka.

Jioni jirani yao Gaudiosa alikuja kutoa pole. Yeye ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Bibi akamweleza yote.

"Edvina, yule daktari wa Bukoba uliyempelekea mtoto alikwambiaje?" mwalimu aliuliza.

"Alisema ni usonji. Niliogopa kusema."

"Usonji si kiburi, mama, wala si laana," mwalimu alimwambia bibi. "Amezaliwa hivyo. Wewe ukiona machozi unajua mtu ana huzuni. Georgina akitazama uso, haumwelezi kitu. Na kelele zinamuumiza."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwambie kwa maneno machache, kwa upole. Mwonyeshe la kufanya. Usimlazimishe akutazame, na msimpige."

"Mimi nimwombe mtoto salamu? Asiyejua maana haambiwi maana!"

"Huyu ataambiwa, waitu, mama yetu. Na ataelewa."

Bibi aliguna. Lakini kesho yake akanyoosha mkono. "Georgina, bibi anataka salamu. Gusa hapa. Sema shikamoo."

Mtoto akapita kimya. Bibi hakukata tamaa. Alirudia kila siku, maneno yaleyale. Edvina naye alichora picha ya mtoto akigusa mkono wa bibi, akaibandika ukutani.

Wiki nyingi zilipita. Asubuhi moja kidole kidogo kiligusa mkono wa bibi.

"Shikamoo," alisema Georgina, macho yake kwa kuku.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Furaha ilimjaa bibi, ndizi zikamdondoka. Habari za wajomba hazikutajwa tena.

Siku ya misa ya kumwombea dada yake, bibi alirudi kutoka kanisani amechoka. Akaketi uani. Safari hii hakungoja mtoto atambue mwenyewe.

"Georgina, bibi ana huzuni. Njoo ukae na mimi."

Georgina akaja, akaketi akiwa amempa bibi mgongo.

"Huzuni inaisha lini?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Lakini ukikaa hapa, inapungua."

Edvina akaita, "Georgina, njoo ule!"

Mtoto hakuinuka. Mama akaita tena.

"Bado," Georgina alijibu. "Huzuni ya bibi haijaisha."