Fundi Aliyeogopa Tundu la Mashine

Kila asubuhi randa ya fundi seremala ililia shaa, shaa, na mkewe akachemsha chai kwa mdundo huo. Maranda ya mbao yalimfuata mume jikoni, yakamfuata hadi kitandani. Mke alifagia huku akinung'unika, kumbe ndiyo raha yake.

Kisha randa ikaanza kusitasita. Fundi akawa anashika kiuno, na jioni homa inampanda.

"Mgongo ndio mshahara wa seremala," kaka yake alicheka, akimkanda kwa mafuta ya moto. "Ulitaka uumwe nini, kucha?"

Walipompeleka hospitali, eksirei haikuonyesha kitu. Nyumba nzima ikashukuru. Daktari peke yake hakufurahi.

"Mgongo pamoja na homa? Nahofia usaha kwenye uti wa mgongo. Eksirei haiuoni mapema. Apimwe kwa emarai, ile mashine ya sumaku."

Fundi akachungulia lile tundu jembamba, akarudi nyuma. Huyu, ndugu zangu, ndiye aliyeuchongea mtaa mzima majeneza.

"Mimi na masanduku tunajuana. Hilo siingii nikiwa hai."

"Baba watoto, ni kipimo tu."

"Basi kapimwe wewe!"

Mke akanyamaza. Wakarudi nyumbani, kaka akaleta chupa nyingine ya mafuta.

Ilikuja siku fundi akaamka miguu haina habari naye, hata mkojo umegoma. Ndipo walipombeba. Safari hii aliingia mashinini bila ubishi. Alipotolewa, alimtafuta mkewe kwa macho, akatabasamu.

"Kumbe ni kelele tu, mama watoto. Kama mtu anapigilia misumari. Ningelala usingizi mule."

Picha ilionyesha usaha umeubana uti. Alipasuliwa siku hiyohiyo, lakini sumu ilikwisha kuenea kwenye damu. Alirudi nyumbani ndani ya sanduku la fundi mwingine.

Sasa mke anafagia sakafu safi. Juzi, alipoinua mto, alikuta utepe mmoja wa maranda umejikunja. Akaunusa, akaurudisha palepale.

Mafunzo

Mgongo unaouma pamoja na homa msiuite uchovu wa kazi, wala eksirei safi msiifanye cheti cha uzima. Mkitumwa kwenye mashine, nendeni. Mkiiogopa, semeni, mtashikwa mkono. Nanyi mlio kando ya mgonjwa, msinyamaze mapema. Mficha maradhi kilio humfichua, na anayelia ni yule anayebaki, anayechemsha chai asubuhi huku ametega sikio.