Sensa za Mke wa Dereva

"Mama, hili bampa nikishalitoboa, halirudi kuwa zima. Una uhakika?"

"Toboa, Fundi."

Fundi umeme wa magari alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, penseli sikioni, futi mkononi. Alishapima kutoka chini na kutia alama nne juu ya utepe wa karatasi aliobandika ili rangi isichubuke. Mwenye gari, mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikaa kwenye kiti cha plastiki na rundo la madaftari ya wanafunzi mapajani.

"Mimi nilijua sensa ni ya kuhesabu watu," Mwalimu akasema.

Fundi akacheka. "Hizi zinahesabu kuta, mama."

"Afadhali. Ile ya watu ikija kwangu, watanihesabu mimi peke yangu."

Fundi akainua kichwa. "Kwani mzee kasafiri?"

"Yupo."

"Sasa si angekuwa anasimama nyuma anakuelekeza? Wengi ndivyo wanavyofanya."

"Yupo ila hayupo, Fundi. Toboa, nina kazi ya kusahihisha."

Mashine ikalia. Mwalimu akainamia madaftari, lakini kalamu haikugusa karatasi.

Mumewe aliitwa Dereva. Aliendesha malori ya masafa marefu miaka ishirini na miwili, na jina la kazi likameza jina la kuzaliwa. Miezi minane nyuma alirudi nyumbani na begi lake, akasema amestaafu mapema, amechoka usukani. Hata walipochanga vijisenti vyao wakanunua gari hili dogo, alimrushia mkewe ufunguo: "Endesha wewe. Mimi nataka kuendeshwa sasa."

Mwanzoni ilikuwa raha. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, nyumba imebaki ya wawili. Geti lao lilikuwa jembamba, gari likiingizwa kinyumenyume, na kila Mwalimu alipotoka shule alipiga honi, Dereva akatoka na kandambili zake, akasimama nyuma: "Njoo... njoo... kata kushoto... njoo... simama!" Baadaye mume akaanza kupungua maneno. Akawa mtu wa chumbani. Kila Jumatano akawa anapotea asubuhi hadi alasiri bila kuaga. Siku moja Mwalimu alimsikia barazani akinong'ona kwenye simu: "Hapana, asijue. Nitakuja Jumatano kama kawaida." Tangu hapo, yale maelekezo ya getini yakawa ndiyo mazungumzo yao pekee ya siku nzima.

Halafu hata hayo yakafa. Wiki mbili zilizopita Dereva alisema "njoo, njoo, njoo," na Mwalimu akaja, mpaka taa ya nyuma ikapasukia kwenye nguzo ya geti. Majirani wakatoka. Hasira za miezi yote zikampanda kichwani.

"Kazi yako ni moja tu, kusimama na kusema simama! Hiyo nayo imekushinda?"

Dereva aliinama. Aliokota vipande vya taa, kimoja kimoja, akaingia ndani. Kesho yake honi ilipolia, hakutoka mtu.

"Tayari, mama," Fundi akamwita. "Nimeunga na waya wa taa ya rivasi. Ukiweka gia ya nyuma tu, zinaamka. Ukikaribia kitu utasikia ti... ti... ti. Zikilia mfululizo, usiongeze hata unywele."

"Zinaona kila kitu?"

"Hapana, kitu chembamba zinaweza kukiruka. Na wewe tumia macho yako."

Alasiri ile Mwalimu hakupiga honi. Alifungua geti mwenyewe, akarudi kwenye gari, akaweka gia. Ti... ti... ti-ti-ti... tiii! Akakanyaga breki. Gari limekaa sawasawa kama limechorwa. Alipoingia sebuleni, Dereva alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Sensa. Nimefunga nyuma ya gari."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia saa ngapi? Wiki mbili napiga honi kama mwendawazimu, wewe umejilaza!"

"Kwa hiyo nimepatiwa mbadala."

"Wewe ndiye uliyeacha kazi."

Dereva akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiitarajia.

"Ni vizuri, Mwalimu," akasema. "Sasa una kitu kinachoona."

Mwalimu aliona ni kejeli. Akaingia jikoni akabamiza mlango, wala hakumwita mezani.

Kesho yake aliporudi kutoka shule, kitanda kilikuwa kimetandikwa na begi la safari halipo. Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Nimekwenda kwa dada. Usinitafute kwa sasa. Gari lako lina macho, halinihitaji tena."

Mwalimu alisoma ujumbe ule mara tatu. Akaandika: "Mwambie huyo wa Jumatano amekupata." Akaufuta. Akaandika: "Rudi." Nao akaufuta.

Siku ya kwanza alipika chakula cha wawili kwa mazoea, nusu akamwaga. Siku ya pili aliwasha televisheni asiyoitazama, ili tu sauti ya mtu iwemo ndani. Siku ya nne alipokuwa anarudisha gari, sensa zikalia ti-ti-ti, naye akajikuta anazijibu: "Nimekusikia." Akashtuka. Akazima gari, akakaa humo na mikono kwenye usukani. Siku nzima walimu wenzake walikuwa wamezungumza naye habari za mitihani na chaki, wanafunzi mia wamemwamkia, na bado hicho kidude cha nyuma ya gari ndicho pekee kilichojali amefika.

Jumamosi uzalendo ukamshinda. Akampigia wifi yake.

"Wifi, nataka ukweli. Huyo mwanamke wa kaka yako anakaa wapi?"

"Mwanamke gani tena?"

"Usinifiche! Kila Jumatano anakwenda kwake. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Wifi akashusha pumzi ndefu.

"Kwani hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

"Nimemwapia sitasema, nami siapi uongo. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Njoo, Wifi. Njoo sasa hivi uone kwa macho yako."

Mwalimu hakukumbuka hata alivyofika. Wifi alimpokea mlangoni, akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha uani.

Dereva alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameelekea ukutani. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, chupa ya chai na kikombe. Mwalimu akasogea hadi ubavuni mwake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Hakugeuka. Mwalimu akangoja. Hakugeuka. Dereva alinyoosha mkono, akapapasa meza, akakipita kikombe, akarudi, akakipata. Akainua chupa na kumimina. Chai ikatiririka nje ya kikombe, juu ya meza, hadi kwenye goti lake. Akaruka kwa moto, na ndipo akaona viatu vya mkewe.

"Mwalimu?"

Mwalimu alichukua kitambaa mezani, akapiga goti, akaanza kumfuta suruali.

"Tangu lini?" akauliza hatimaye.

"Acha, ni chai tu."

"Nimekuuliza tangu lini!"

Dereva akakaa. "La kushoto, mwaka wa pili huu. La kulia linafuata. Ni presha ya macho. Mimi sikustaafu, Mwalimu. Kazini walitupima macho, wakaninyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo."

"Na Jumatano?"

"Kliniki. Nilianzia kwa dada; yeye ndiye aliyekuwa ananipigia kunikumbusha."

"Mimi nikajua una mwanamke."

Dereva akacheka, kicheko kikavu. "Mwanamke gani? Hata wewe mwenyewe nakuona nusu."

Mwalimu naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho.

"Siku ile getini..."

"Nguzo sikuiona. Ninaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nguzo ilikuwa pembeni. Niliposikia kishindo nikajua basi, yamefika mwisho."

"Na mimi nikakutukana mbele ya watu!"

"Ulisema kweli. Kazi ilikuwa moja, na ikanishinda."

"Ungeniambia!"

"Nikwambie nini? Miaka ishirini na miwili mimi ni Dereva. Nikikosa macho, wataniita nani? Na wewe ungeanza kunihurumia."

Mwalimu akasimama. Machozi hayajakauka, lakini sauti ikawa ile ya darasani.

"Sikiliza. Miezi yote hii umenilaza na ukuta. Nimekula peke yangu nawe umo ndani. Nimejiuliza nimechuja, nimezeeka, nimekosa nini. Unaniambia uliogopa huruma? Mimi ningepokea hata habari hiyo mbaya, ungeniletea. Nilikuwa na njaa ya neno lako lolote! Wewe umenyimwa kuona na maradhi, mimi nimenyimwa mume na nani?"

Dereva aliinamisha kichwa. Wifi, aliyekuwa anachungulia dirishani, akarudi ndani polepole.

"Nisamehe," Dereva akasema. "Nilidhani nabeba mzigo wangu mwenyewe. Sikujua nimekutwisha."

"Na mimi nisamehe ulimi wangu."

Mwalimu akavuta kigoda kingine, wakakaa bega kwa bega. Kisha Mwalimu akauliza kuhusu dawa. Dereva akatoa kichupa mfukoni. Ni ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Alipokuwa nyumbani alijitia mwenyewe msalani, kwa siri, na nusu iliishia mashavuni.

"Lete. Inua kichwa."

"Dada hunitia saa kumi na mbili."

"Saa zako leo ni zangu. Tazama juu."

Tone likaangukia mahali pake. Dereva akafumba macho, akaushika mkono wa mkewe kabla hajauondoa.

"Twende nyumbani," Mwalimu akasema.

"Sio leo. Nipe mpaka Jumatano. Nimezoea kuwa mwongo kwako. Acha nijipange nije nikiwa mtu mwingine."

Ilimchoma, lakini hakumlazimisha. Alirudi peke yake, akafungua geti peke yake. Lakini usiku huo simu iliita, na walizungumza mpaka chaji ikaisha.

Jumatano Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akampitia. Kliniki ya macho ilijaa, watu wamebanana kwenye mabenchi. Daktari alimpima Dereva kwa kirefu, kisha akawaeleza wote wawili bila kuficha: kilichopotea hakitarudi, kilichobaki kinaweza kushikiliwa miaka mingi, mradi dawa isikosekane hata siku moja. Mwalimu aliuliza maswali kumi na moja. Dereva, ambaye miezi yote hakuwahi kuuliza hata moja, alisikiliza majibu yote.

Wakati wa kutoka, muuguzi wa mapokezi alifungua faili lake akakunja uso.

"Mzee, hapa kwenye mtu wa karibu hujawahi kujaza. Kila ukija unaniambia huna mtu."

Mwalimu akageuka kumtazama mumewe. Dereva akakohoa.

"Andika," akasema, na akataja majina ya mkewe, yote matatu. "Ni mke wangu. Huyu hapa."

"Namba yake ya simu?"

Mwalimu alifungua mkoba ili atoe simu. Hakuihitaji. Dereva alikwisha kuanza kuitaja namba, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa kichwa, bila kukosea hata moja.