Kodi ya Chai ya St Marys

Hiace nyeupe iliingia barabara ya M7 kutoka Quakers Hill bila kuwasha indiketa.

Ajenti Clarisse aliwasha yake. Jasusi anaweza kukosa usingizi. Hawezi kukosa indiketa.

Alikuwa magari matatu nyuma, ndani ya Toyota Corolla ambayo kioo chake cha pembeni kilishikiliwa na utepe wa gundi. Juu, helikopta ya polisi ilizunguka kama nzi asiyejua atue wapi. Ilikuwa Agosti 2021, na magharibi yote ya Sydney ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Aliyetoka eneo lake alihitaji kibali. Clarisse alikuwa nacho. Alikuwa pia na sare ya zambarau ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, barakoa ya N95, na silaha moja.

Kipimajoto cha paji la uso. Umbo la bastola. Betri mbili.

Kililala kwenye kiti cha abiria, mtutu ukitazama mlango.

Simu yake ya Samsung ikaita kwenye kishikio.

"Boston hapa," ilisema sauti nzito. "Taa ngapi?"

"Moja, Papa Balagizi."

"Usitaje jina hewani!"

"Pardon, Papa Boston."

Taa moja, adui anakuja kwa nchi kavu. Taa mbili, kwa maji. Mzee Balagizi, mwenyekiti wa Kanisa la Nuru ya Kivu tawi la St Marys, alifundisha historia Bukavu miaka mingi, na ishara hiyo, pamoja na jina la Boston, aliitoa kwa walowezi wa Amerika waliompinga mfalme wa Uingereza. Hakuna adui aliyewahi kufika Smithfield kwa maji. Mzee alipenda tu kujiandaa.

"Iko wapi sasa?"

"Inashuka kuelekea Smithfield. Inakwenda ghalani."

"Basi wametuma askari," alisema Mzee. "Mwanangu, uko sawa? Leo ni leo."

"Niko sawa, Papa."

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Saa sita mchana walikuwa wanamzika mama yake, Mama Dévote, aliyeongoza kwaya ya St Marys tangu ianze. Clarisse alikuwa amemuaga kwenye tableti iliyoshikwa na nesi hospitalini. Nesi alichoka mkono, picha ikainama, na sura ya mwisho aliyoiona ilikuwa dari. Tangu siku hiyo alikula, alikwenda zamu, alijibu pole. Ndani hapakuwa na kitu. Alijibonyeza kama mtu anavyobonyeza fizi baada ya sindano ya daktari wa meno. Hakuna.

Sheria iliruhusu watu kumi kaburini. Mama Dévote alikuwa ameomba jambo moja: dada zake wa kwaya, huko Bukavu, wamwimbie wakati anashushwa. Simu ingeweza kuwaonyesha jeneza. Haingeweza kuyajaza makaburi sauti yao. Kwa hilo zilihitajika spika mbili kubwa za betri na mixer ya sauti ya Yamaha, mali ya kanisa, zilizohifadhiwa kwenye kona ya ghala Smithfield.

Ndizo Hiace ilizozifuata.

Kisa kilikuwa chai.

Makao makuu ya kanisa yalikuwa Perth, upande wa pili wa bara. Kwanza yalitoza matawi sehemu ya sadaka. St Marys ikalipa, ikashukuru. Kisha yakatoza ada ya ukumbi. St Marys ikalipa, ikakohoa. Kisha ikaja ada ya chai inayonywewa baada ya ibada, wakati ambapo kwa miezi kadhaa hapakuwa na ibada, wala ukumbi, wala mtu aliyekunywa chai na mwenzake.

St Marys iliomba kueleza hayo kwenye mkutano wa Zoom. Kila mjumbe wake alipoinua mkono, Perth ilimzimia maikrofoni. Walikaa vile, watu wazima, midomo ikicheza kama samaki, huku bajeti yao ikipitishwa kwa kauli moja.

Mzee Balagizi aliwakumbusha vijana kwenye WhatsApp. "Wale wa Amerika hawakuanza na bunduki. Walianza na barua za heshima. Walimpenda mfalme, walimwombea afya. Kodi ya stempu, kodi ya karatasi na kioo, kodi ya chai, na kila mara waliuliza swali moja: nani ametusemea kule bungeni? Hakuna. Hata hivyo wengi walitaka kusikilizwa tu, si kuondoka. Mpaka mfalme alipotuma askari wakachukue baruti ghalani. Siku hiyo ndiyo barua zilikwisha."

Hiace ikakata kona. Ghala lilikuwa mbele.

Clarisse akapiga simu. "Siméon. Hiace inaingia."

"Aï, mama!" Siméon alikuwa dereva wa forklift pale ghalani. "Spika ziko nyuma ya mapaleti ya vigae. Nipe dakika kumi."

"Una gari?"

"Ute, pikapu ya shemeji, iko mlango wa nyuma."

"Utazipata."

Hakujua atazitoa wapi.

Mchungaji Ildephonse alishuka kwenye Hiace akivuta suruali. Mwakilishi wa Perth mjini Sydney. Mtu mpana, viatu vinang'aa, barakoa imelala kidevuni.

"Simama hapo, Pasta."

Aligeuka. Mtutu ulikuwa sentimita tano kutoka kwenye paji lake. Akainua mikono bila kufikiri.

Piii.

"Thelathini na sita nukta saba," alisema Clarisse. "Pandisha barakoa."

"Clarisse! Umeniogopesha, mwanangu." Alishusha mikono. "Pole kwa mama. Pole sana. Mimi nimetumwa tu. Tawi halijalipa. Perth wamesema vyombo vikae kwangu mpaka mtakapoelewana."

"Leo, Pasta?"

"Amri imekuja leo."

"Mama anazikwa leo. Kwaya ya Bukavu itaimba kwenye spika hizo."

Macho ya Ildephonse yalikwenda kwenye viatu vyake. "Niliwaambia. Niliwaandikia, nikasema ngojeni hata kesho." Akakohoa. "Mimi ni mtu wa kutumwa, mwanangu."

Akaanza kutembea kuelekea ndani. Nyuma ya mapaleti, forklift ilikuwa ndiyo kwanza inanguruma.

Clarisse aliipima hali. Bastola ilikuwa imekwisha kazi. Mbio hazingefaa. Ilibaki silaha ambayo hakuna Mkongo aliyelelewa kanisani anayeweza kuikwepa.

"Pasta," alisema. "Kabla hujavigusa vyombo vya marehemu. Tuombee."

Ildephonse alisimama.

Alitazama ghala. Alitazama saa yake. Aliujua mtego, au hakuujua; yote mamoja. Mchungaji akiambiwa aombe, anaomba.

Alivua kofia. Akafumba macho.

"Baba uliyeumba mbingu na nchi," alianza, na kweli alianzia huko. Alipita Edeni. Alikawia kwa Nuhu. Clarisse hakufumba macho. Aliona forklift ikipita nyuma ya bega la Mchungaji na spika ya kwanza juu ya paleti, Siméon akiwa ameinama kama mwizi wa kuku.

Forklift ikarudi nyuma. Pii! Pii! Pii!

"Na kila sauti ya yule mwovu inayotaka kukatiza maombi haya," alinguruma Ildephonse, "inyamaze!"

Siméon akazima mashine. Akaisukuma mixer kwa troli, akinyata.

Walikuwa wamefika Misri. Spika ya pili ikapita. Nyaya zikapita. Kisha sauti ya Mchungaji ikashuka, na hakuwa akihubiri tena.

"Na huyu mama, Bwana. Mimi nilifika nchi hii na begi moja. Sikujua mtu. Huyu mama alinifungulia mlango, akanipa chai. Asubuhi akanipa chai. Miezi mitatu, Bwana, na hata siku moja hakuniuliza nitalipa nini."

Machozi yalikuwa yanaingia kwenye barakoa yake.

Clarisse aliyatazama kwa makini, kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani ya gari. Alingoja. Hakuna kilichokuja.

"Amina," alisema Ildephonse.

"Amina," alisema Clarisse.

Ildephonse alifungua macho. Akaona kona tupu, alama za magurudumu kwenye vumbi, na kitu kimoja kilichosahauliwa ukutani: birika kubwa la umeme la kanisa.

Mlango wa nyuma ukafungwa kwa kishindo. Ute ikaondoka.

Mchungaji hakukimbia. Alikaa juu ya paleti. "Nimeomba muda gani?"

"Wa kutosha, Pasta."

Clarisse akalinyanyua birika, akampakatisha. "Peleka hili. Ndilo mlilolitoza ada."

"Perth watasema nini?"

"Waambie ulichotuambia sasa hivi. Kama watakufungulia maikrofoni."

Makaburini kulikuwa na upepo wa baridi na watu kumi waliosimama mbali mbali kama vigingi. Mzee Balagizi alikuwa amefungua mkutano mpya wa Zoom asubuhi ile, wa St Marys wenyewe. Bila mwenyeji wa Perth. Ule wa zamani watu waliuacha mmoja mmoja. Skrini yake ilibaki na mraba mmoja wa katibu wa Perth, akiuliza kama kuna mtu anamsikia.

Clarisse alipiga magoti kwenye nyasi, mbele ya mixer. Akapandisha sauti.

"Munatusikia huko?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, kubwa kuliko miti. Bukavu ilikuwa alfajiri.

"Tunawasikia, mama mdogo."

"Haya. Mushushe dada yetu polepole."

Wakaimba. Jeneza likashuka. Wachimba kaburi, Waaustralia wawili wenye makoti ya njano, wakavua kofia bila kuambiwa.

Kutoka nje ya ua, sauti ya besi ilijiunga. Hiace ilikuwa imeegeshwa hapo, dirisha limeshushwa. Mtu wa kumi na moja hakuruhusiwa kuingia, na hakuingia. Aliimba akiwa amekumbatia birika.

Wimbo ulipokwisha, Mzee Balagizi alimfuata Clarisse, akasimama umbali uliotakiwa.

"Tumeshinda, mwanangu. Unajisikiaje?"

Alifikiri. Akachomoa kipimajoto mfukoni, akakielekeza kwenye paji lake mwenyewe.

Piii.

"Kawaida, Papa."

Akakirudisha mfukoni, akafuta majani magotini, akatembea kuelekea Corolla. Zamu yake ilikuwa inaanza mchana huo. Aliwasha gari.

Akawasha indiketa.