Mwenye Kadi ya Saba

Programu ya simu za dharura ilizimwa saa nne asubuhi ili iwashwe upya, na hakuna simu iliyokatika. Hilo lilikuwa jema. Lakini fundi alipohesabu kadi za mtandao kwenye kioo cha kompyuta yake, alikuta saba. Yeye na kaka yake walitengeneza sita.

Kadi hizo hazishikiki kwa mkono. Programu ndiyo huziumba ili zibebe simu za watu. Zamani kila ilipozimwa zilikufa nayo, na wagonjwa waliokuwa wakiomba gari la hospitali wakakatwa katikati ya neno. Wiki iliyopita kaka mtu, aliyemfundisha fundi kazi hii tangu hajui kuchuna waya, alipata dawa: kadi zibaki hai hata programu ikilala. Chumba kizima kilimpongeza.

Fundi alivaa vipokea sauti, akaisikiliza ya saba. Mtu alikuwa anapumua. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka chini ya meza, ikampita magotini, ikamfika kooni, na ile pumzi ikaanza kwenda sawasawa na yake, akivuta nayo inavuta, akiizuia nayo inazuia, mpaka akawa hajui tena ipi ni yake.

"Chiriku," sauti ikamwita.

Hilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Pale kazini alilijua mtu mmoja tu, kaka yake.

Kadi inayoachwa hai lazima iandikiwe jina la mwenyewe, anayeimiliki. Akafungua maandishi ya ile ya saba. Aliyeandikwa mwenyewe alikuwa yeye.

"Kaka, umeniandika mimi hapa?"

Kaka mtu akatazama mlango kwanza. "Sema polepole."

"Ndiyo nasema polepole. Umeniandika?"

"Mdogo wangu, nimehangaika miezi mitatu. Kila tukiwasha upya, mtu anatufia masikioni. Siku moja hilo linalopumua likazungumza humo kwenye programu. Likasema litazishika kadi zote, zisife. Likataka mtu aandikwe kuwa mwenyewe."

"Ukanitoa mimi."

"Nina watoto, Chiriku."

"Na mimi nina nani zaidi yako?"

Kaka mtu akaanza kukunja waya uliokwisha kukunjwa.

"Nikiifuta hii kadi?"

"Litamrudia aliyelifungulia." Akauweka waya mezani. "Mimi."

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akawawaza wale watoto wawili wanaomwita shangazi, hasa yule mdogo asiyelala mpaka baba yake amfunike shuka, na jinsi watakavyoisikia pumzi hii ikitoka kifuani mwa baba yao wakati wa kula, wakati wa kufunga viatu, kila siku, wasijue wamwambie nani.

Akaondoa kidole.

Kaka mtu akashusha pumzi, mabega yakamlegea, akarudi kwenye meza yake bila kumtazama. Hilo lilimuuma fundi kuliko jina lake kuandikwa.

Kwenye vipokea sauti, kupumua kukakoma.

"Kaka yako aliandika tu," sauti ikanong'ona kwa upole. "Nilikuwa nangoja uridhie mwenyewe."