Pikipiki Isiyonguruma

Kila asubuhi Masikio alipeleka mikate madukani kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alijua ugonjwa wa injini yoyote kwa kuisikiliza tu. Nyuma yake, kando ya makreti, aliketi mkewe, akienda sokoni kuuza mboga.

Siku moja injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Masikio aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Hii imekufa," alisema.

Mwenye kiwanda cha mikate alimpa wiki moja. Asipopata chombo, kazi ingepewa mtu mwingine.

Jirani yao alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo. Alipopata habari, alikuja kuwaona.

"Shemeji, nunua ya umeme."

"Bei yake naijua. Nikauze figo?"

"Figo yako nani ataitaka?" mkewe aliuliza.

Karani alicheka. "Bei uliyoambiwa ni pamoja na betri, na betri ndiyo ghali. Wewe nunua pikipiki peke yake. Chama kina fungu la vyombo vya umeme, riba yake ndogo. Betri utakodi kwa kampuni yenye vituo vya betri. Chaji ikiisha, unaiacha kituoni, unachukua iliyojaa. Ikizeeka, ni mzigo wao. Ila hilo tulione kwanza kwenye mkataba, ndipo utie saini. Sasa niambie, petroli inakula kiasi gani kwa siku?"

"Pesa ya mikate ishirini." Masikio alihesabu kila kitu kwa mikate.

"Kukodi betri ni mikate minane kwa siku. Rejesho la mkopo ni tisa, kwa miaka miwili."

Masikio alikunja vidole. "Inabaki mitatu."

"Kila siku. Na mkopo ukiisha, kumi na miwili."

Walisoma mkataba mstari kwa mstari, kisha Masikio akatia saini.

Siku ya sita pikipiki ililetwa mlangoni, karani akiwapo. Masikio alizungusha ufunguo, akasikiliza. Kimya.

"Mmeniuzia maiti," alisema.

"Imewaka hiyo, shemeji."

"Imewaka wapi?" Akazungusha mkono wa kuongeza mwendo mpaka mwisho. Pikipiki ikaruka mbele, ikaparamia beseni la nguo.

"Maiti imefufuka," mkewe alisema. "Na hizo nguo utazifua mwenyewe."

Kesho yake yeye na mkewe waliondoka na mikate, bila moshi, bila mngurumo. Masikio aliendesha taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Alisikia changarawe chini ya magurudumu. Alisikia kijiko kikigonga kikombe ndani ya nyumba ya mtu, na mtoto akikariri hesabu za kuzidisha. Miaka kumi na minane alipita mtaa huu, na hakuwahi kuusikia.

Kisha, nyuma yake, akasikia sauti nyembamba, tamu.

"Unaimba?"

"Naimba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunibeba."

Masikio alipunguza mwendo zaidi.

"Anza tena mwanzo," alisema.