Mke wa Bwana Chura

Sogeeni karibu, nyinyi mnaolala nyumba moja na watu wenu lakini hamjui wameamkaje. Hadithi hii nawasimulia nyinyi. Na tafadhali, mtu asianze kumtafuta jirani wa kumsingizia. Kila mmoja ajitazame yeye kwanza.

Pembezoni mwa mji mmoja palikuwa na kinamasi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mafunjo, ndege weupe wakasimama kwa mguu mmoja majini, na kwenye majani mapana waliishi vyura wa kijani, wadogo kama ukucha. Vyura hao walikuwa wamebaki wachache mno, maana malori yalikuwa yakimwaga kifusi ukingoni ili watu wapate viwanja vya kujenga. Juu ya maji ilipita njia nyembamba ya mbao, na kwenye njia hiyo alifanya kazi mtembeza wageni ambaye mji mzima ulimwita Bwana Chura.

Bwana huyu alijaliwa ulimi. Alieleza habari za chura mpaka watoto wa shule wakasahau kula, na wazee wakacheka hadi wakashika mbavu. Aliyeuliza swali la kijinga alijibiwa kwa upole uleule wa aliyeuliza la maana. Wageni walipoagana naye walizoea kusema, "Mkeo ana raha, kuishi na mtu mcheshi namna hii!" Naye alicheka tu.

Sasa twende nyumbani kwa huyo mwenye raha.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha, vipande vya kitambaa vikiwa vimemzunguka miguuni. Tangu binti yao wa pekee aolewe mbali, nyumba ilipooza. Redio aliiwasha asubuhi na kuiacha iseme yenyewe, si kwamba aliisikiliza, bali alitaka pawe na sauti ya mtu. Jioni mumewe alirudi, akavua mabuti mlangoni, akanawa, akala, akalala. Kuna siku neno alilotamka lilikuwa moja tu: "Chumvi." Msidhani natia chumvi mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote ya siku hiyo.

Mama huyu alivumilia, akajiambia ndivyo wanaume walivyo wakichoka. Kisha akaanza kuumwa tumbo chini ya kitovu. Mwanzoni yalikuwa maumivu ya kuja na kwenda, baadaye yakaja na kukaa. Alikwenda hospitali peke yake. Daktari alimpima, akamwambia ana uvimbe unaotaka kutolewa upesi, na kwamba asichelewe.

"Uje na mtu wako wa nyumbani," daktari alisema. "Siku ya upasuaji hutaki kuwa peke yako."

Alirudi na maneno hayo kifuani. Jioni akasubiri mumewe amalize kula.

"Mume wangu, nina jambo."

"Mama, nimeongea tangu asubuhi. Koo limenikauka. Kesho basi."

Kesho yake ikawa kesho tena. Siku moja alifika katikati ya sentensi, akasikia mkoromo. Mtaniuliza, kwa nini asimwamshe akamwambia? Jamani, jambo zito lina aibu yake. Ukishalitoa likaangukia mgongo wa mtu aliyelala, unaona haya hata kuliokota. Mama alifunika sufuria, akazima taa, akalala akiangalia ukuta.

Ndipo akapata wazo ambalo hata yeye lilimchekesha. Kila Jumamosi walinzi wa kinamasi walifungua lango kwa wakazi wa mji, ili watu waje wajionee wenyewe kabla hakijafukiwa chote. Mwisho wa matembezi mtembezaji aliketi na kundi na kupokea maswali. Huko, mama akajiambia, huko mume wangu anasikiliza watu. Nitakwenda kama wenzangu, nitanyoosha mkono kama wenzangu, na nikimaliza nitamvuta pembeni nimwambie.

Akavaa gauni lake zuri, akafunga kitambaa kichwani, akajipanga langoni nyuma ya walimu wa shule fulani. Mumewe alipomwona alishtuka.

"Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kutembea."

"Wewe? Kinamasi?" Akatazama huku na huku. "Haya, jipange na wenzako. Tutaongea baadaye."

Safari ikaanza. Kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, watu walipita mmoja mmoja, na kulikuwa na desturi pale. Mtembezaji alitangulia, na mara kwa mara aliita bila kugeuka, "Wa mwisho!" Aliye nyuma kabisa aliitika, "Nipo!" Ndivyo alivyojua kwamba hakuna aliyeteleza. Mama alijikuta ndiye wa mwisho, kwa sababu tumbo halikumruhusu kufuata mwendo wa wengine. "Wa mwisho!" "Nipo!" Alipoitika mara ya kwanza alitabasamu peke yake. Ilikuwa siku nyingi mumewe hajamwita akaitika.

Na alivyosema mle ndani! Mama alimsikiliza kama mtu anayesikia habari za mgeni. Aliwaonyesha mahali palipojazwa kifusi, sauti ikamtetemeka kwa hasira. Akapiga magoti kwenye mbao, akainamia jani moja.

"Huyu mnamwona? Mgongo umempauka. Huyu anaumwa."

Mwalimu mmoja aliinama. "Mimi naona wote sawa. Umejuaje?"

"Namwangalia," alisema Bwana Chura. "Hakuna uganga. Kiumbe ukimwangalia kila siku, siku akibadilika utajua tu."

Watu wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Mama alishika ubao wa pembeni. Alikuwa amekonda mpaka ameyapunguza magauni yake yote kwa mkono wake, mbele ya macho ya mtu huyohuyo. Alitaka kucheka, yakamjia machozi, na palepale maumivu yakamkata. Akakaa chini kwenye mbao, kundi likaendelea, likapotea nyuma ya mafunjo.

"Wa mwisho!"

Alifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Wa mwisho!"

Kisha akasikia mbao zikigonga. Bwana Chura alikuwa anakimbia. Alitokea kwenye kona uso umemwiva kwa hofu, macho yanatafuta majini kulia na kushoto. Mama hakuwahi kuona mtu akimkimbilia namna ile. Kwa kitambo kidogo moyo wake ulijaa, akasahau hata maumivu. Akanyoosha mkono.

Mumewe akamwona, akasimama, akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe ni wewe! Umenitoa roho. Nilidhani nimepoteza mgeni."

Akafuta jasho, akageuka, akarudi kwa kundi lake.

Huo mkono ulibaki hewani kidogo, halafu mama akaurudisha mwenyewe mapajani. Hakuna aliyemwona. Alikaa akisikiliza vyura, na mbali kidogo sauti ya mumewe ikichekesha watu. Akainuka taratibu, akarudi langoni kwa njia aliyokuja nayo. Jambo lake aliondoka nalo.

Siku ileile hospitali alikwenda na jirani, mama muuza mboga, ambaye aliulizwa tu, "Utanisindikiza?" akajibu, "Nivae viatu." Bwana Chura alirudi jioni akakuta mlango umefungwa. Watoto wa jirani ndio waliomwambia mkewe yuko wapi.

Mama alikuwa kitandani, tayari amevalishwa gauni la upasuaji, alipomsikia nyuma ya pazia. Muuguzi alikuwa amemsimamisha hapo.

"Vizuri umekuja, baba. Kuna mambo jirani asiyoyajua, na mgonjwa tumeshampa dawa ya kumtuliza. Maumivu yalianza lini?"

"Maumivu? Si... labda wiki hii."

"Daktari anasema ni ya muda mrefu. Kuna dawa zinazomdhuru?"

"Sijui."

"Amewahi kupasuliwa?"

Kalamu ya muuguzi ikagonga karatasi.

"Baba, huyu ni mkeo au umekuja kumwona mtu mwingine?"

Nyuma ya pazia mama alijua majibu yote, lakini ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. Alimsikia mtu aliyejibu maswali ya mji mzima akisema tena, kwa sauti ndogo, "Sijui." Alimhurumia. Hasira alizitafuta akazikosa, akakuta mahali pake ni patupu tu.

Uvimbe ulitolewa na mama akapona. Lakini hakurudi kwenye cherehani yake ya dirishani. Binti yake alikuja, akamchukua akauguze kidonda kwake, na kidonda kilipofunga mama alisema atakaa huko huko. Hakumgombeza mumewe, wala hakumsema kwa watu.

Bwana Chura alimfuata. Alimkuta amekaa barazani, anapindia sketi ya mjukuu. Aliweka kiti mbele yake, karibu kabisa mpaka magoti yakagusana, akamtazama usoni, kwa utulivu, mtazamo ambao zamani ungalikuwa na maana.

"Niambie, mke wangu," alisema. "Leo sina haraka. Niambie kila kitu. Unaumwa wapi?"

Mama alikata uzi kwa meno, akaikunjua sketi kuangalia kama pindo limenyooka.

"Siumwi tena," alisema, akaingia ndani kumwekea mgeni chai.

FUNZO

Ndugu zangu, Bwana Chura hakuwa mlevi, hakuwa mzinzi, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Ndiyo maana nimewasimulia habari zake, kwa sababu wengi wetu tukishajiona hatuna madhambi hayo tunajihesabu kuwa watu wema wa nyumbani. Kumtelekeza mtu si lazima umhame. Unaweza kumtelekeza ukiwa unakula chakula chake kila jioni.

Kazi nzuri tuifanye. Vyura wale wanahitaji mtetezi, na kinamasi kile kikifukiwa sote tutajuta. Lakini usiwape watu wa nje uchangamfu wako wote, ukawaletea wa nyumbani uchovu peke yake. Leo ukifika, kabla hujavua viatu, mtazame mtu wako, umuulize ameshindaje, halafu usubiri jibu. Usiseme kesho. Atakayekujibu leo, kesho anaweza kukukaribisha kama mgeni.